Re: Washington alikomaa wapi kijeshi?

Salama mkuu. Umekwama hapo kwamba George Washington, yule rais wa kwanza wa Marekani, kabla ya 1775, yaani kabla ya vita ya uhuru dhidi ya Waingereza, alikuwa anapigwa tu, sasa uongozi kautoa wapi. Mi huwa naanzia Fort Necessity 1754, sio Valley Forge (kambi yake ya majira ya baridi wakati wa vita ya uhuru) kama wengi. Jamaa ana miaka 22, bado yuko upande wa Waingereza dhidi ya Wafaransa, kajenga kiboma cha magogo bondeni kabisa, msitu uko jirani, mvua inapiga handaki zinajaa maji baruti inalowa, Wafaransa na wenyeji walioungana nao wanamlenga toka kwenye miti, usiku akasalimu amri. Mwaka uliofuata kaenda na jenerali Braddock wa Uingereza huku anaumwa tumbo la kuhara, kapanda farasi kwa kuwekewa mito kwenye tandiko, wakabanwa karibu na mto Monongahela, farasi wawili wakapigwa risasi akiwa juu yao na koti likatobolewa na risasi nne. Braddock akajeruhiwa akafa siku chache baadae. Hapo ndo aliona jeshi la mfalme wa Uingereza nalo linapigika, na 1776, sasa akipigana na hao hao Waingereza, alipozidiwa Brooklyn kule New York hakung'ang'ania, akavusha watu usiku kwa boti. Halafu cheo kwenye jeshi la mfalme alikitafuta sana wakamnyima, kile kinyongo usikiruke.