Kuhamisha miradi ya Jira kutoka tovuti moja ya wingu kwenda nyingine: kwa wanaoanza kazi hii Mtwara na Lindi

Jira ni programu ya kufuatilia kazi: kila kazi ni tiketi, na tiketi hukaa ndani ya mradi. Tovuti ya wingu ni nafasi ya ofisi yako kwenye seva za mtengenezaji wa Jira. Anayeanza kazi hii huhesabu tiketi. Anaona mradi una tiketi 4,000 na viambatisho vya gigabaiti 20, basi anadhani mzigo ndio huo. Tiketi ndizo zinazohama kwa urahisi. Kinacholeta simu Jumatatu asubuhi ni vile vitu visivyo mali ya mradi mmoja: vikundi vya watumiaji, nyuga (sehemu za kujaza kwenye tiketi), vichujio (utafutaji wa tiketi uliohifadhiwa), mbao za kazi na dashibodi. Hivyo ni mali ya tovuti nzima, na kila idara inavitumia bila kujua nani alivitengeneza. Maandalizi yachukue sehemu kubwa ya muda wako. Kubonyeza kitufe ni jambo la mwisho.

Tuchukue ofisi ya mfano: makao yake Mtwara mjini, wasimamizi wako Newala, Masasi na Kilwa Masoko, kazi yake ni kujenga maghala ya korosho. Ina tovuti mbili na inataka ibaki na moja.

Anza na watu. Jira ya wingu humtambua mtu kwa baruapepe. Ofisi zetu nyingi zina baruapepe moja ya idara inayotumiwa na watu watatu au wanne kwa zamu, na kwenye Jira hao wote wanaonekana mtu mmoja. Kila mmoja apate akaunti yake na agawiwe tiketi zake zilizo wazi kabla ya kuhama, wakati wahusika bado wanakumbuka ipi ni ya nani. Maoni ya nyuma hayagawanyiki tena, yaache.

Vikundi vinataka macho zaidi, kwa sababu vikikosewa havitoi ujumbe wowote wa kosa. Kikundi kikiwa na jina moja pande zote mbili, vinaunganishwa. Tuseme tovuti ya zamani ina kikundi "wahasibu" chenye watu 12, wakiwemo vibarua wa msimu, na mpya ina "wahasibu" wa watu 3 wanaoona mikataba. Baada ya kuhama wote 15 wanaona mikataba. Chapisha orodha za vikundi vya pande zote mbili, ziweke kando kwa kando, na majina yanayofanana yaulizie mmojammoja. Kikundi chenye shaka kibadilishe jina upande wa zamani, kwa mfano "wahasibu-msimu". Ukumbuke pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu Mei 2023. Tiketi zenye namba za simu na akaunti za benki za wakulima si za kuachia kila mtu.

Ufunguo wa mradi, yaani herufi zinazotangulia namba ya kila tiketi, ni jambo dogo: tovuti mpya ikiwa tayari na mradi wenye ufunguo KOR, wako hautaingia. Ubadilishe kwanza kwenye tovuti ya zamani, na waambie wanaoandika "KOR-212" kwenye barua na hati za malipo.

Nyuga hulinganishwa kwa jina na aina. "Wilaya" ya kuchagua kwenye orodha na "Wilaya" ya kuandika maneno ni nyuga mbili tofauti hata kama macho yanaona moja, na mwishowe utakuwa na "Wilaya" mbili kwenye fomu moja, nusu ya data huku na nusu kule. Amua aina moja, hamishia thamani humo ukiwa bado upande wa zamani. Safisha na chaguo zenyewe: "Tandahimba" na "TANDAHIMBA" zitahama zote mbili na ripoti zitazihesabu mbali.

Sasa vichujio. Ubao wa kazi husoma kichujio, dashibodi husoma vichujio kadhaa, na kichujio husoma nyuga na miradi. Kikivunjika cha chini, vyote vya juu yake vinaonekana vitupu. Sababu kuu ni namba za ndani. Kichujio kilichoandikwa kwa mtindo wa cf[10021] kinataja namba ya uga, na tovuti mpya hutoa namba zake yenyewe. 10021 ya kule inaweza kuwa kitu kingine kabisa hapa. Pitia vichujio vyote vinavyotumiwa na zaidi ya mtu mmoja, badilisha namba ziwe majina. Angalia mmiliki pia: kichujio cha mtu aliyeacha kazi kipewe mwenye kazi sasa. Halafu kagua kimeshirikiwa na nani, maana ubao hauonekani kwa mtu asiyeruhusiwa kuona kichujio chake.

Andika idadi ya tiketi za kila kichujio kabla na baada. Chenye currentUser() kisijaribiwe na admini, kwa kuwa jibu lake hubadilika kulingana na aliyekifungua. Mwombe msimamizi wa Newala akufungulie kwake.

Sheria za kujiendesha, yaani zile zinazofanya Jira itende jambo yenyewe bila mtu kubonyeza, hutolewa kama faili la maandishi la aina ya JSON na kuingizwa upya. Ziwashe moja baada ya nyingine. Wakati wa majaribio, mradi uwe na mpangilio wa arifa usio na mtu ndani, na ukisahihisha tiketi nyingi kwa mkupuo, ondoa tiki ya kutuma baruapepe. Data za programu za nyongeza, kama za kuandika saa za kazi, usitegemee zije pamoja na tiketi. Kila moja ina njia yake kwa mtengenezaji wake.

Uhamishaji wa wingu kwa wingu haupiti kwenye bando lako. Ukishaanza, umeme ukikatika Mtwara kazi inaendelea. Bakapu ndiyo inayopita kwako: gigabaiti 20 kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde ni saa 5 na nusu hivi, mtandao usipoyumba. Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, kasi hiyo ingekuwa ndoto. Shusha bakapu siku mbili kabla. Na usijaribu "kurejesha" bakapu kwenye tovuti mpya yenye kazi za watu: kurejesha hufuta kilichopo na kuweka kilichomo kwenye faili.

Ukilazimika kuhamisha tiketi kwa CSV, yaani faili la jedwali la maandishi, tarehe ndizo zitakazokutesa. 03/04/2025 ni tarehe 3 Aprili kwetu na Machi 4 kwa Marekani. Mpangilio sahihi wa kuiambia Jira ni dd/MM/yyyy, M kubwa. M ndogo ni dakika, na miezi yote itapotea.

Hamisha nje ya msimu wa minada ya korosho, yaani usiguse Oktoba hadi Desemba. Siku yenyewe, Ijumaa jioni, wape watu wa tovuti ya zamani ruhusa ya kusoma tu. Kifaa cha kuhamisha kinanakili mara moja, hakifuati mabadiliko ya baadaye. Tiketi itakayoandikwa kule saa tatu usiku itabaki kule. Viungo vilivyomo kwenye maoni vitaendelea kuelekeza anwani ya zamani, kwa hiyo tovuti hiyo isifungwe mapema. Iache ya kusoma tu mpaka wakaguzi wa hesabu wamalize mwaka huo, na gharama yake iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.