Jirani ametualika nyama choma ya tarehe 4 Julai, twende?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Tunaishi Columbus, Ohio. Jirani yetu, mzee Mkristo, ametualika kwake tarehe 4 Julai: nyama choma mchana, usiku fataki. Msimu wa baridi mzee huyu huchukua chepe akatuondolea theluji mlangoni bila kuombwa. Mume wangu anasema kwenda ni kujifananisha na makafiri. Watoto wanalia wanataka kwenda. Tufanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Mumeo ana hoja, usimbishie mbele ya watoto. Amepokea Abu Daud kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza, akawaambia Mwenyezi Mungu amewabadilishia kwa mbili zilizo bora: Idi ya Kuchinja na Idi ya Fitri. Kwa hadithi hii wako maulamaa wanaokataza kila sikukuu isiyokuwa Idi. Wengine hutenganisha sikukuu ya ibada na siku ya mambo ya nchi, na moyo wangu uko kwa hawa. Tarehe 4 Julai Wamarekani wanakumbuka azimio lililopitishwa Philadelphia mwaka 1776 la kujitoa chini ya mfalme wa Uingereza. Haisaliwi sanamu hapo. Sisi tulikwenda kutazama gwaride la Uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba, na masheikh wetu hawakutuambia tumeabudu.

Na jirani ana haki. Jibril alimuusia Mtume juu ya jirani mpaka akadhani atamrithisha. Tena katika Suratul Mumtahina, aya ya 8, hatukukatazwa kuwafanyia wema wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Lile chepe la theluji, dada yangu, mimi siwezi kulipita hivi hivi.

Hofu yangu iko mezani. Mwambieni mzee mapema mnachokula na msichokula. Soseji nyingi za kule zina nguruwe, na koleo moja hugeuza nyama zote. Nendeni na kuku wenu wa halali, jiko lenu dogo, na sambusa za kuwatosha wote. Pombe ikipitishwa, ondokeni kwenye meza hiyo. Mtume ametukataza kuikalia.

Halafu sala. Julai huko jua huzama saa tatu usiku imeshapita, na fataki hungoja giza, kwa hiyo Magharibi itawakuta hapo hapo. Bebeni mkeka, mwombeni mzee pembe ya uwanja wake, msali kwanza.

Fataki kutazama sioni ubaya. Kuchoma pesa ya kodi ya nyumba kuzinunua ni israfu. Na kama nyumbani kuna aliyekimbia risasi Kongo au Somalia, milipuko ile kwake si sherehe. Mmoja wenu abaki naye, madirisha yafungwe.

Mumeo akiona bado ni uzito, asilazimishwe. Pelekeni sambusa zile siku hiyo hiyo, na yeye mwenyewe ndiye amkabidhi mzee sahani.

Wallahu a'lam.