Maswali na majibu: Bao ulilofungwa lilianzia wapi?

Barua za safari hii zinafanana sana. Timu inacheza mpira mzuri kwenye Football Manager, lile gemu la kompyuta unalokuwa kocha wa timu, takwimu zinapendeza, na bado mabao yanaingia. Nisipotaja toleo, ujue naongelea FM24, yaani Football Manager 2024. Ndiyo wengi wenu mnayoicheza, hasa mlioichukua bure pale Epic, duka la magemu mtandaoni, Septemba 2024.

Shikamoo kocha. Niko na Orlando Pirates, natumia 4-2-3-1. Namiliki mpira zaidi ya asilimia 60, napiga mashuti ya kutosha, halafu nafungwa bao moja la kushtukiza, mechi imekwisha. Mabeki wote wa pembeni nimewapa jukumu la kushambulia, kiungo mmoja ni mkabaji, mwenzake anapanda. Nimeshabadilisha mabeki wa kati, hali ni ile ile. (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Warudishe mabeki wako wa kati kikosini, hawana kosa. Fungua mechi ya mwisho uliyopoteza, nenda kwenye bao ulilofungwa, kisha urudishe nyuma mpaka pale mpira unapomtoka mchezaji wako. Simamisha hapo, kabla ya ule mkimbio wa straika wao. Utaona namba mbili yuko karibu na kibendera cha kona, namba tatu naye yuko juu upande wa pili, na kiungo anayepanda ameshaingia kwenye boksi la wapinzani. Waliobaki nyuma ni namba nne na namba tano, na mbele yao kuna uwanja mtupu wa mita thelathini.

Utaniuliza, na yule mkabaji? Ndiye anayewapoteza wengi. Katika gemu hili mkabaji wa aina hiyo kazi yake ni kumfuata mwenye mpira popote alipo, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kuiacha nafasi yake. Unayemhitaji ni namba sita anayekaa: mpe kazi ya kubaki mbele ya mabeki, jukumu la kulinda, na umchague mwenye alama nzuri za kujipanga, kusoma mchezo na umakini. Kisha amua ni beki gani wa pembeni apande. Mmoja tu. Mwingine abaki, mpira ukipotea ukute watu wanne wako nyuma yake.

Jambo la pili wengi hawalijui, na linaharibu 4-2-3-1 nyingi. Mchoro unaouona kwenye ukurasa wa mbinu ni umbo la timu ikiwa haina mpira. Ukiwaweka viungo wako wawili katikati ya uwanja, ndipo watakapokuwa wakati wa kuzuia, na namba kumi wa wapinzani atapokea mpira mgongoni mwao siku nzima. Washushe hatua moja, mpaka mstari ulio mbele ya mabeki. Usiogope kwamba utacheza nyuma, maana jukumu ulilowapa ndilo litakalowapandisha mkiwa na mpira.

Hata timu kubwa zinaishi kwa hesabu hii. Manchester City ya 2022/23, iliyobeba Ligi Kuu ya Uingereza, Kombe la FA na Ligi ya Mabingwa, ilimtoa John Stones kwenye safu ya ulinzi na kumsogeza kando ya Rodri kila timu iliposhambulia. Nyuma walibaki mabeki watatu, mbele yao wawili. Guardiola alishambulia kwa watu wengi kwa sababu watano wale walikuwa wamekaa pale pale panapohitajika mpira ukipotea. Nawe unaweza kumtumia beki wa pembeni anayeingia ndani, ila asiwe mtu wa mbio tu. Awe anajua kupiga pasi na kuamua haraka akiwa amezungukwa.

Badilisha hayo, kisha uache mechi tatu au nne zipite. Kila unapogeuza mfumo, wachezaji wanapoteza uzoefu wa mbinu, na ukigusagusa kila wiki hutajua kilichokuponya ni kipi.

Kocha, mambo vipi. Mabeki wangu wa kati ni wazito, alama zao za kasi ni 9 na 10 kati ya 20. Nataka kukaba kuanzia juu kama Liverpool ya Klopp, lakini kila mpira mrefu ni bao. Nifanyeje? (Msomaji, Mombasa)

Poa sana. Liverpool ile ilikaba juu ikiwa na bima nyuma: Virgil van Dijk aliletwa Januari 2018, Alisson akafuata katikati ya mwaka huo huo. Wewe bima huna, kwa hiyo shusha mstari wa ulinzi hatua moja na uzime mtego wa kuotea leo hii. Mtego unataka mabeki wanne wanaofikiri pamoja, na mmoja akilala, wote wameumia.

Ila usishushe mabeki peke yao. Kuna mstari wa ulinzi, na kuna mstari wa mahali mnapoanza kukaba. Mabeki wakirudi nyuma huku mafowadi wakiendelea kuwakimbiza mabeki wa wapinzani golini kwao, katikati panafunguka shimo ambalo hakuna kiungo anayeweza kuliziba. Shusha mistari yote miwili, kabeni kuanzia nusu ya uwanja. Dirisha la usajili likifunguliwa, mtafute beki mwenye mwondoko wa haraka, maana hatua tatu za kwanza ndizo zinazoamua nani anaufikia mpira mrefu.

Nilianza ligi kwa ushindi mfululizo. Tangu Januari kila timu inapaki basi, natoa sare za 0-0. Gemu limenigeukia? (Msomaji, Nairobi)

Limekuheshimu. Sifa ya timu yako ikipanda, makocha wa kompyuta wanakuona ndiye mwenye nafasi ya kushinda, na wanajifungia nyuma. Mbinu iliyokula nafasi nyuma ya mabeki wao sasa inakosa cha kula.

Kosa la kawaida hapa ni kuongeza presha: kasi ya juu, mtazamo wa kushambulia kupita kiasi, krosi juu ya krosi. Hapo unawajaza wapinzani ndani ya boksi lao na kupiga mashuti kwenye miguu yao. Angalia mabao tarajiwa (xG) kwa kila shuti, yaani uwezekano wa shuti hilo kuwa bao, kuanzia 0 hadi 1. Penalti moja huwa na thamani ya zaidi ya 0.7, na shuti la mbali mara nyingi halifiki hata 0.05. Mashuti ishirini ya namna hiyo hayakupi hata bao moja la uhakika.

Punguza mtazamo hatua moja, mabeki wako waushike mpira kwa utulivu, na uwaache wapinzani watoke kidogo kuutafuta. Mpe winga mmoja ruhusa ya kukokota mpira, na upate kiungo namba nane anayeingia kwenye boksi akiwa amechelewa, baada ya mabeki kuvutwa na straika. Napenda sana bao la aina hiyo, kwa kuwa limetengenezwa.

Kwa nini nafungwa dakika za mwisho nikiongoza 1-0? (Msomaji, Bujumbura)

Mambo mawili. Kukaba kwa nguvu zote kuanzia dakika ya kwanza kunawamaliza wachezaji ikifika dakika ya 70, kwa hiyo ingiza damu mpya mapema, kuanzia viungo na mabeki wa pembeni. La pili, ukibadili mtazamo kuwa wa kujilinda kabisa, gemu linashusha mstari na kuwaalika wapinzani langoni kwako. Baki na mtazamo wa kawaida, punguza kasi ya pasi, ongeza kupoteza muda.

Kocha, nihamie FM26? (Msomaji, Dodoma)

Kama kompyuta inaliweza, ndiyo. FM25 ilifutwa Februari 2025, na FM26 ilipotoka Novemba mwaka huo ilileta michoro miwili: umbo mkiwa na mpira, na umbo mkiwa hamna. Yale niliyomwambia wa Morogoro kuhusu mchoro sasa utayachora mwenyewe.

Kona zinaniua. (Msomaji, Tanga)

Waweke wachezaji watatu wenye alama kubwa za kuruka juu mbele ya lango, ndani ya boksi dogo, mmoja wao kwenye nguzo ya karibu. Kuruka juu kunashinda ufundi wa kichwa, kwa hiyo usimchague mtu kwa alama ya kichwa peke yake. Muache fowadi mmoja mwenye mbio katikati ya uwanja. Wapinzani watalazimika kubakisha watu wa kumlinda, na kila anayebaki ni kichwa kimoja pungufu kwenye boksi lako. Halafu ajiri kocha wa mipira ya kutenga, nafasi hiyo imo kwenye FM24. Arsenal walimchukua Nicolas Jover kwa kazi hiyo mwaka 2021, na leo kona zao zinaogopwa Uingereza nzima.