Cheti Umekipata, Jumatatu Unaanza na Nini?

Safari hii barua nyingi zimehusu kozi fupi za mameneja: kampuni inalipa, unakaa hotelini siku tano, unarudi na begi lenye nembo. Mimi mwenyewe nafundisha kozi hizo hapa Tanga, kwa hiyo mjue nagusa unga wangu.

Shikamoo mwalimu. Nasimamia ghala Pongwe. Nimetoka kozi ya uongozi ya wiki mbili Dar. Bosi kaniuliza, "Umeleta nini?" Nikakosa la kusema. Kosa langu au la chuo?

Marahaba. La chuo ni kubwa zaidi, ila na wewe ulikwenda mikono mitupu.

Nikuhadithie. Mwaka juzi nilikuwa na darasa Raskazoni, watu kumi na wawili. Nikawaambia kila mmoja aje na karatasi moja kutoka mezani kwake, yoyote inayomuudhi. Bwana mmoja wa yadi ya makasha akaja na daftari la getini, jalada limelowa chai. Namba ya gari, saa ya kuingia, saa ya kutoka, basi. Tukalipitia kurasa sita. Lori likiingia asubuhi, linatoka ndani ya saa moja. Likiingia baada ya saa sita na nusu, linatoka saa tisa, saa kumi. Yeye alikwishaomba kununuliwa mashine ya pili ya kupakia. Mama mmoja wa benki, asiyejua kasha wala lori, akauliza: "Mchana muhuri anao nani?" Kimya. Muhuri wa kuruhusu lori kutoka ulikuwa kwenye droo, na ufunguo wa droo ulikuwa mfukoni mwa karani aliyekwenda kuswali na kula. Wala hakukosea, hakuna aliyempangia wa kumshikia.

Baada ya hapo ndipo nikafundisha nadharia ya foleni, yaani hesabu za kusubiri zamu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyechungulia simu.

Ujanja huu si wangu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Mwingereza Reg Revans, aliyeanza kama mwanafizikia Cambridge, alisimamia elimu katika bodi ya taifa ya makaa ya mawe. Aliona mameneja wa migodi watafaidika zaidi wakikaa vikundi vidogo, kila mmoja na tatizo lake halisi, wenzake wakimhoji. Kwake kujifunza ni maarifa yaliyokwisha kuandikwa kujumlisha maswali. Vyuo vingi vinauza hilo la kwanza peke yake.

Kwa bosi, chagua jambo moja la ghalani, mwambie utalishughulikia kwa wiki sita, kisha mkae tena.

Niko idara ya utumishi, Chumbageni. Kila kozi ikiisha tunajaza fomu, wote wanaandika "nzuri sana". Nitajuaje kama hela haikupotea?

Fomu hiyo inapima wali na kiyoyozi. Donald Kirkpatrick, Mmarekani, aliandika tangu 1959 kwamba mafunzo yapimwe kwa ngazi nne: mtu amefurahi, amejifunza, amebadili anavyofanya kazi, na kazi yenyewe imepata nini. Nyie mmekwama ngazi ya kwanza. Subirini miezi mitatu, kisha msimuulize aliyesoma. Waulizeni walio chini yake. Mkiajiri mkufunzi, sharti la kwanza liwe kurudi. Wapo wengi wanaoichukua Tanga kwa msemo wake, waja leo waondoka leo, na ankara wameshaacha mapokezi.

Dada yangu, nina kiwanda kidogo cha juisi Muheza. Nilikwenda kozi, visa vyote tulivyojadili ni vya makampuni ya Marekani. Vinanihusu nini?

Ni kaka, lakini si neno. Usivitupe. Kisa cha kwanza cha chuo cha biashara cha Harvard, Marekani, cha 1921, kilikuwa ukurasa mmoja tu, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu wanaoacha kazi kabla ya saa ya kutoka. Hilo hata Muheza lipo. Ubaya ni kwamba kisa cha mbali unakijadili kwa raha, hakina shemeji yako ndani.

Vya kwetu vipo, hatuviandiki tu. Bandari yetu miaka yote meli ilitia nanga mbali, mzigo ukaletwa na matishari, mashua bapa za kubebea mizigo. Sasa kuna gati la mita 450, na kina kimechimbwa hadi mita 13. Tuseme wewe umenunua tishari kwa mkopo mwaka mmoja kabla ya kazi ile kuanza. Unauza? Unampa nani? Benki unaiambia nini? Darasa la namna hiyo mimi ningelipa kulisikiliza. Na wewe andika la machungwa: msimu yanaoza barabarani, nje ya msimu mashine imelala.

Cheti cha kozi fupi kinapandisha mshahara?

Mara chache. Muulize mwajiri kabla, kwa maandishi.

Mwalimu, nimesikia darasa lako halina posho. Kweli?

Kweli. Chai ipo, na mihogo. Daftari njoo nalo mwenyewe.