Mzoga wenye shingo ndefu, taa za angani, na ile hoja ya silikanti

Ndugu mleta mada, umetia vitu vitatu kwenye kapu moja: mzoga wenye "shingo ndefu na manyoya" uliotupwa na maji pwani, video ya kitu chenye mbawa za ngozi kikipita jioni juu ya minazi ya Pemba, na mstari wa taa zilizokatiza angani bila sauti. Kisha ukafunga kwa silikanti: ikiwa samaki aliyedhaniwa kutoweka zama za dinosaria kavuliwa Nungwi, kwa nini wanyama wa kale, au hata wageni kutoka nje ya dunia, wasiwe wamo humu humu?

Nianze na silikanti, maana ndiye uliyembebesha mzigo wote.

Tarehe 22 Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho madogo ya East London, Afrika Kusini, alimwona kwenye lundo la samaki la meli ya uvuvi. Mita moja na nusu, kilo 57. Ilikuwa kiangazi cha huko na dawa ya kuhifadhia haikutosha, hivyo samaki akachunwa na kujazwa, matumbo yakatupwa. Mwaka 1939 mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith alimpa jina la kisayansi, lakini kwa kukosa viungo vya ndani alisubiri mpaka alipopatikana wa pili, Anjouan katika visiwa vya Komoro, mwaka 1952, miaka 14 baada ya wa kwanza. Na hapa ndipo watu wanapopitiwa: Wangazija walikuwa na jina lake tangu zamani, gombessa. Wavuvi walimjua hata nyama yake, yenye mafuta mengi kiasi cha kuharisha. Samaki yule hakuwa amejificha kwa watu, ila hakuwa amefika kwenye meza ya mtaalamu.

Kwetu hadithi ni ile ile. Tanga walianza kunaswa kwa wingi miaka ya 2003 na 2004, wakati majarife ya papa yaliposhushwa kilindini zaidi kwa sababu maji ya juu yalikuwa yamekwisha samaki. Wa Nungwi alipatikana Julai 2007, mita 1.34, kilo 27. Kila mara kulikuwa na mwili, futi na mizani.

Kile kimya cha miaka milioni 66 kwenye mawe, yaani kukosekana kwa visukuku vyake tangu zama za dinosaria, nacho kina sababu ya kawaida. Jamaa zake wa leo hukaa mchana kwenye mapango ya miteremko mikali, kina cha mita 100 hadi 300 hivi. Mahali kama hapo matope hayatulii yakafunika mifupa, na hata yakifunika, ni nadra mwamba wa chini ya bahari kunyanyuka ukafika mtu na nyundo. Tena silikanti wa leo si yule wa kwenye mawe. Ni ukoo mmoja, lakini jenasi yake, Latimeria, haijawahi kuonekana kwenye visukuku. Wanaosema "hajabadilika hata kidogo" wanauza magazeti.

Kwa walio madikoni: mvuvi akikuletea samaki anayemfananisha na chewa wa ajabu, usianze na rangi. Ule ubuluu wenye mabaka meupe hugeuka hudhurungi muda mfupi baada ya kufa. Tazama mapezi. Pezi la kwanza la mgongoni ni la miiba kama la samaki yeyote. La pili la mgongoni, la chini karibu na mkia, na yale ya kifuani na tumboni yamekaa juu ya kikonyo cha nyama, mfano wa mkono mfupi uliovishwa magamba. Shika kikonyo ukizungushe, utaona kinavyopinda. Halafu mkia: katikati yake unachomoza mkia mwingine mdogo, kama ulimi. Magamba ni mazito na yana vijiba vinavyokwaruza. Hakuna chewa mwenye hayo. Na silikanti asiuzwe, biashara yake ya kimataifa imekatazwa.

Sasa mzoga wako. Picha ni moja tu, ya mbali, na watu wamesimama nyuma ya mzoga badala ya kando yake, kwa hiyo umekuzwa bila mtu kukusudia. Hata hivyo umbo linajieleza.

Papa hana mfupa, ana gegedu. Akioza, taya na matamvua, ambavyo vimeshikizwa kwa nyama na kano tu, hudondoka mwanzo. Kinachobaki mbele ni kibweta kidogo cha ubongo juu ya uti mrefu, na hapo ndipo inapozaliwa "shingo ndefu yenye kichwa kidogo". Uti wake huingia kwenye tawi la juu la mkia peke yake, kwa hiyo tawi la chini likishaanguka, mkia unabaki mwembamba kama wa kenge. Na "manyoya" ni nyuzi za ngozi na mapezi zilizochambuka baada ya nyama laini kuliwa na kuoza. Nyangumi naye hufanya hivyo hivyo, nyuzi nyeupe zikaning'inia mpaka mtu akaapa kaona dubu wa baharini.

Mwaka 1977 meli ya Kijapani, Zuiyo Maru, iliopoa mzoga wa namna hii karibu na New Zealand: mita 10 hivi, kilo 1,800, shingo ndefu, mapezi manne. Magazeti yakaandika mjusi wa bahari wa kale kapatikana. Nahodha aliutupa tena usije ukaharibu samaki waliokuwemo, lakini kwanza zilikatwa nyuzi za pezi. Zilipopimwa, zilikuwa na protini ile ile ya mapezi ya papa, na zikalingana na za yule papa mkubwa wa maji baridi anayechuja chakula kwa matamvua. Kwetu pwani mtuhumiwa wa kwanza awe papa potwe, wa pili nyangumi wanaopita kuanzia Julai.

Jinsi ya kumaliza ubishi pale pale mchangani: chukua kisu, jaribu uti. Ukikatika kama gegedu la sikio, ni papa. Ukigonga mfupa mwepesi wenye vitundu kama sponji uliojaa mafuta, ni nyangumi. Ukipasua pezi la mbele ukakuta mifupa ya vidole, usikimbie kuandika "ana mkono wa binadamu". Nyangumi, pomboo na nguva wote wanavyo. Lakini vaa glavu, maana mizoga ya mamalia wa baharini hubeba maradhi yanayoingia kwa watu. Na kama tumbo limevimba ngoma, usilitoboe, gesi humrushia mtu uchafu usoni.

Kisha picha: ubavu mzima, ukiwa umelaza futi kamba ya cherehani kando ya mzoga, si juu yake. Mdomo kwa ndani. Kila pezi. Jino moja moja kama yapo. Andika tarehe, saa na jina la pwani.

Kipande cha vinasaba ndipo wengi wanapoharibu. Kata nyama ya ndani, isiyopigwa na jua, ukubwa wa punje ya hindi au mbili, si bonge. Bonge huoza katikati kabla dawa haijafika. Itie kwenye chupa safi ya spiriti ya asilimia 95, spiriti iwe mara kumi ya nyama, na kesho yake ibadilishe, kwa sababu maji ya nyama yameshaizimua. Spiriti ya kuwashia jiko iepuke, imechanganywa vitu vingine. Fomalini nayo usitie: inatunza umbo vizuri sana lakini inavuruga vinasaba. Huna spiriti? Izike nyama kwenye chumvi ya jikoni, chumvi iwe nyingi kuliko nyama, funga kavu. Mwambie sheha, na upeleke Taasisi ya Sayansi za Bahari, wapo hapa hapa Unguja. Wanaouza "miili ya wageni" hukwepa hatua hii hii. Ile midoli iliyoonyeshwa bungeni Mexico Septemba 2023 ilivuma dunia nzima, na Januari 2024 wataalamu wa Peru walipochunguza mingine ya aina hiyo iliyokamatwa uwanja wa ndege wa Lima, walikuta mifupa ya wanyama na watu iliyogandishwa kwa gundi ya kisasa.

Video ya mbawa haina kazi kubwa. Isimamishe pale jua linapopita kwenye ubawa, utahesabu mistari ya vidole ikitandaza ngozi. Popo hushikilia ubawa kwa vidole vinne. Mijusi ya kale iliyoruka ilishikilia kwa kidole kimoja tu kilichorefuka, kwenye ukingo wa mbele. Yako ina mistari kadhaa. Huyo ni popo wa Pemba, yule wa Kidike, mbawa zikitandazwa hufika mita 1.6, na hapatikani kwingine duniani. Jambo la kushangaza zaidi hulikugusa: jenasi yake haipo kabisa bara la Afrika, imetawanyika Madagaska, Shelisheli mpaka Asia.

Na kama unataka ya kale, tunayo yenye ushahidi. Kwenye pango la Kuumbi, Jambiani, wanaakiolojia akiwemo Felix Chami walikuta mifupa ya punda milia na nyati. Si kwamba waliogelea. Miaka 20,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa chini kwa mita 120 kuliko leo, na mkondo kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, hivyo palikuwa pakavu pa kupita kwa miguu. Mkondo wa Pemba unazama hadi karibu mita 800, haukukauka. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui wake na Pemba haikuwa naye.

Taa sasa. Nukta nyingi zenye mwendo mmoja, zimepangana kama shanga, hazipepesi, hazina sauti, na zinazimika moja baada ya nyingine mahali pale pale: ni setilaiti za intaneti za Starlink zilizorushwa karibuni. Zilianza kurushwa kwa mafungu ya 60 Mei 2019. Huonekana saa moja au mbili baada ya magharibi, au kabla ya alfajiri, kwa kuwa zenyewe bado zinapigwa na jua wakati sisi tumo gizani. Pale "zinapozimika" ndipo zinapoingia kwenye kivuli cha dunia. Roketi inayoanguka ni tofauti: polepole, inameguka, yaweza kuchukua dakika nzima. Moja ya Kirusi ilionekana hivyo kusini mwa Afrika usiku wa 14 Septemba 1994, siku mbili kabla ya watoto wa skuli ya Ariel, Ruwa, Zimbabwe, kusema wameona chombo. Walipohojiwa na watafiti wa UFO, yaani vyombo visivyotambulika angani, walikuwa wameshazungumza wao kwa wao siku kadhaa. Taa zinazoelea juu ya upeo wa bahari, hasa usiku wa giza, nyingi ni za wavuvi wa dagaa. Hewa ya joto juu ya baridi huzinyanyua zikaonekana ziko angani. Mbalamwezi ikitoka, "vyombo" hivyo hupumzika pamoja na wavuvi.

Na ukivuta nyota kwa simu mpaka mwisho, kamera ikashindwa kulenga, utapata duara lenye kingo zinazocheza. Video nyingi za "sahani" ndizo hizo, nyota yenyewe Zuhura.

Umetaja pia watu "wanaochukuliwa" na wageni wa angani usiku huko Marekani. Sisi tunalo jina letu: jinamizi. Akili imeamka, misuli bado imefungwa na usingizi, kifua kinabanwa, kivuli kimesimama kitandani. Humjia zaidi aliyelala chali na aliyekosa usingizi. Mwaka 1995 Popobawa, jini anayedaiwa kuwavamia watu usingizini, alipovuma Pemba kisha Unguja, watu walikesha nje kwa hofu, na kukesha kwenyewe kukazidisha jinamizi. Mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa mjini kwa kudhaniwa ndiye. Mmarekani akibanwa vile vile husimulia viumbe vya kijivu vyenye macho makubwa, kwa kuwa ndivyo alivyolishwa na televisheni yake.

Utaniambia kuna kesi zisizoelezeka. Zipo. Jeshi la anga la Marekani lilikusanya taarifa 12,618 mpaka 1969, na 701 zikabaki bila jibu. Kubaki bila jibu maana yake hakikupatikana kitu kinachojulikana cha kulinganisha nazo, si kwamba imethibitika ni wageni.

Kwa hiyo niletee haya kuhusu zile taa: video ya asili kutoka kwenye simu iliyoipiga, si ile iliyopita WhatsApp, maana hiyo imebanwa na tarehe yake imepotea. Saa kamili, ulitazama upande gani, na mnazi au mnara uliokuwa karibu nazo ili tupime pembe. Kama kuna mtu wa Wete au Mkoani aliyeziona dakika ile ile, naye aandike hapa chini alielekea wapi.