Simamisha Video, Mtoto Anauliza

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu video za kuwafundishia watoto sayansi. Nimefundisha somo hili shule za msingi kwa miaka 26, na video nilianza kuzitumia enzi za deki na kanda, kwa hiyo sizichukii. Ninachochukia ni mtoto kukalishwa mbele ya skrini halafu mtu mzima aondoke.

Mwalimu, shikamoo. Naomba unitajie chaneli nzuri ya sayansi kwa mtoto wa miaka 6. (Wasomaji kadhaa, swali lile lile.)

Marahaba. Hili nimelijibu mara tatu mwaka huu, na bado mnaandika bila kusoma yaliyotangulia. Ubongo Kids: inatengenezwa Dar es Salaam, ina Kiswahili, inafundisha hesabu na sayansi kwa katuni na nyimbo, na imekuwa kwenye televisheni tangu 2014. Basi. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia mwanawe ameuliza nini wiki hii, na hapo ndipo pa kuanzia. Akiuliza kwa nini ngozi ya chura ina maji maji, mtafutie video ya chura. Mkifungua chaneli kwa sababu jirani ameisifu, mtoto atatazama sayari nane huku hamu yake iko kwenye chura wa bombani.

Mwanangu ana miezi 14. Nikimwekea video za sayari anatulia kabisa, napika kwa amani. Zinamkuza akili?

Hapana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 hauruhusu kumkalisha mtoto wa umri huo mbele ya skrini. Wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kutulia si kujifunza. Mpe mwiko, mfuniko wa sufuria na vikombe viwili vya plastiki, umweke mbali na jiko lakini akuone. Mfuniko ukianguka ukalia, na yeye akauangusha tena ili asikie, hiyo ndiyo sayansi ya umri wake.

Binti yangu wa darasa la tatu ameona kwenye video mwezi mchanga umesimama kama herufi C iliyogeuzwa. Juzi akaniita uani: mwezi wetu hapa Bagamoyo umelala kama mtumbwi. Anasema video imekosea. Nimwambieje?

Mwambie leo hii, usingoje kesho, kwamba amefanya kazi ya mwanasayansi. Ameambiwa jambo, ametoka nje, ameangalia, ameona halifanani, ameuliza. Kuna watu wazima wanaoujua mwezi kwa picha tu.

Video haikusema uongo. Imepigwa mahali pengine. Sisi tulio jirani na ikweta jua letu huzama karibu wima, kwa hiyo ubavu wa mwezi unaomulikwa huelekea chini, na mwezi unalala. London jua huzama kwa mshazari, ndiyo maana mwezi wao husimama. Mwezi ni ule ule, mtazamaji ndiye aliyehama. Wazee wa pwani wanaotoka kuutafuta mwezi mwandamo wa Ramadhani wanajua ulalavyo. Mpeleke binti yako akawaulize.

Kasoro hiyo hiyo iko kwenye video za majira. Watoto wetu wanakariri majira manne, theluji, majani yanayopukutika, halafu wanakwenda nyumbani ambako bibi anazungumza habari za vuli, masika, kipupwe, kaskazi na kusi. Mtoto anaishia kuamini kwamba sayansi ni habari za kwa watu. Na nyingine zinamwachia afikiri kwamba baridi huja dunia inapokuwa mbali na jua. Si kweli. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, wakati Ulaya inatetemeka. Sababu ya majira ni kuinama kwa mhimili wa dunia, nyuzi 23.5.

Kwa kuwa mko Bagamoyo, mna bahati ambayo mtoto wa London hataipata maisha yake yote akibaki kwao. Jua hupita utosini mwenu mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo za Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Simikeni kijiti wima uani kuanzia saa 6 mchana hadi saa 7 kasoro robo, mkiweka alama mahali kivuli kinapoishia kila dakika tano. Kivuli kitafupika mpaka kiishie shinani mwa kijiti. Baada ya hapo mwonyeshe video ya mhimili wa dunia, sasa ataielewa.

Mimi ni mzazi, Nyeri. Tulipofika ikweta pale Nanyuki tulionyeshwa maji yakizunguka upande mmoja kaskazini mwa mstari na upande wa pili kusini. Nimerekodi, na mwalimu wa mtoto anataka kuionyesha darasani. Ni sawa?

Isionyeshwe kama ukweli. Dunia inapozunguka hupinda mwendo wa hewa na maji, hilo ni kweli, lakini hatua chache kutoka ikweta, ndani ya beseni, nguvu hiyo ni ndogo mno. Maji yale yanafuata jinsi mkono ulivyoyamimina. Kimbunga ni habari nyingine. Hidaya, kilichofika pwani ya Tanzania Mei 2024, kilikuwa na upana wa kutosha na siku za kutosha kupindwa na dunia. Kusini mwa ikweta vimbunga vyote huzunguka kwa mwendo wa saa.

Mwambie mwalimu ajaze beseni, aliache litulie kabisa, achomoe kizibo, watoto waandike maji yamezunguka upande gani. Warudie mara 10. Wakimaliza ndipo waione hiyo video yako, waseme wenyewe ina kasoro gani.

Video za Kiingereza au za Kiswahili?

Kiswahili kwanza. Mtoto akisikia *usanisinuru*, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, anasikia nuru ndani yake, na nusu ya somo imeshaingia.

Mwanangu wa kiume, miaka 9, hawezi kumaliza video. Kila dakika anaisimamisha: kwa nini hivi, ingekuwaje vile. Dada zake wanakasirika. Nimzuie?

Usithubutu. Wape dada zake muda wao peke yao, na yeye mwachie rimoti.

Mwaka 1963, Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, kijana Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Maziwa yalitakiwa yachemshwe na sukari, yapozwe, ndipo yaingie kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Mwenzake akawahi kuweka ya kwake bila kuyachemsha, na Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaingiza ya moto. Ya moto yakaganda kwanza. Alipomuuliza mwalimu akaambiwa amechanganyikiwa. Akaendelea kuuliza. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kuzungumza na wanafunzi, Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akanyanyuka akauliza tena, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, alikwenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha matokeo pamoja, na mpaka leo wanafizikia wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na kwa nini, wakilitaja kwa jina lake.

Siku zote nikisoma habari hii nawafikiria waliouliza mara moja, wakaambiwa wamechanganyikiwa, wakakaa chini. Nimewakalisha wengine mimi mwenyewe nikiharakia kumaliza mada, na inaniuma. Mama, kila anaposimamisha, muulize yeye anafikiri nini kabla hamjaendelea. Video ya dakika 6 ikichukua saa nzima, hiyo ndiyo saa nzuri.

Kwenye video wanamwagia siki unga mweupe, volkano inafoka povu. Niko Karatu. Kuna kitu cha karibu?

Magadi. Yasage, yaweke kwenye kichupa kilichozungushiwa udongo, kamulia ndimu. Povu ni hewa ya ukaa inayotoka. Magadi yasiingie machoni.

Waambie watoto ukweli ambao video nyingi zinauruka: volkano haifoki kwa ndimu. Inafoka kwa sababu mwamba ulioyeyuka chini, wenye gesi ndani yake, unasukumwa juu. Ila ninyi wa huko mna jambo la kuwaambia zaidi. Ol Doinyo Lengai ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava iliyojaa kaboneti ya sodiamu, ndugu wa magadi mliyoyashika mkononi. Hutoka nyeusi, ikipata unyevu hugeuka nyeupe. Joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600 tu, wakati lava za kawaida hupita 1,000.

Na onyo, ingawa hukuuliza. Zipo video zinazochanganya dawa za kusafishia ili kupata povu kubwa. Jiki ikikutana na siki, ndimu au dawa ya choo hutoa klorini, na klorini huua. Mzazi aitazame kila video ya majaribio mpaka mwisho kabla mtoto hajaiona.

Nina wanafunzi 92 na simu moja, ya kwangu. Naipitishaje?

Usiipitishe. Itazame wewe usiku, kesho uje na kitu chenyewe. Video ya maisha ya mbu ni dakika 4. Viluwiluwi ndani ya chupa ya maji iliyofungwa chandarua mdomoni huchukua kama wiki moja kuwa mbu, na watoto 92 wote watapita hapo kila asubuhi kuangalia. Mkimaliza mwageni maji kwenye udongo mkavu, chupa isifunguliwe hovyo. Siku mkiazima projekta, onyesha mara ya kwanza bila sauti, wasimulie wao. Utajua papo hapo nani anaelewa nini.

Watoto wameona video ya mifupa ya majitu ya urefu wa mnazi. Ni kweli?

Uongo, na siku hizi akili mnemba inautengeneza kwa dakika. Wafundishe kuuliza: nani kaupata mfupa huo, wapi, lini, uko wapi sasa? Fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, lina majibu yote: Mary Leakey, Oldupai, tarehe 17 Julai 1959, Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Na waambie mumewe, Louis, alianza kutafuta hapo mwaka 1931. Video huufanya ugunduzi uonekane kazi ya asubuhi moja.

Kupatwa kwa jua kwingine lini? Nataka nirekodi niwaonyeshe watoto.

Tarehe 2 Agosti 2027. Ndugu zetu walioko Jeddah na Makka wataona jua likizibwa lote. Huku Kenya na Tanzania litamegwa sehemu, mchana. Waliosafiri hadi Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016 kuiona pete ya jua hawajaisahau. Wasilitazame jua kwa macho, wala kwa filamu ya eksirei, wala kwa miwani ya kawaida, wala kupitia simu yako. Upofu wake hauna dawa. Tafuta mapema miwani maalumu ya kupatwa kwa jua. Ukiikosa, weka simu mfukoni uwapeleke chini ya mwembe, wageuzie jua mgongo, watazame mchangani. Kila upenyo kati ya majani utakuwa umechora jua dogo lililomegwa, mamia kwa mamia, juu ya miguu yao.