Nimepata kazi mbali, na watoto tunawalea kwa zamu

"Shangazi, shikamoo. Mimi na baba watoto tuliachana, mahakama ikaamua tulee pamoja: wiki kwangu, wiki kwake. Watoto wana miaka 9 na 5. Nimepata kazi mji ulio mwendo wa saa sita kwa basi. Kwenye simu alisema 'sawa tu', sasa hapokei. Nihame nao kwanza, mengine tupange baadaye?"

Marahaba, mwanangu. Usihame nao kwanza. Ile "sawa tu" akiikana kesho, huna cha kuonyesha. Zamu ya wiki kwa wiki ni amri ya mahakama, na utakuwa umeivunja siku ya kuhama. Baba yao anaweza kuomba amri ya dharura watoto warudishwe, nawe utajieleza ukiwa tayari mkosaji.

Isome amri yenyewe, usitegemee kumbukumbu. Tafuta kipengele cha kuhama. Baadhi ya amri hutaja umbali au siku za notisi. Kisha mwandikie: tarehe, makazi, shule, sababu, na ratiba mpya. Asipojibu, usihesabu kwamba amekubali.

Ratiba ndiyo inayoangusha wengi. Sasa hivi baba ana kama siku 182 kwa mwaka. Ukimpa nusu ya likizo tu, umemnyang'anya sehemu kubwa, na hakimu ataliona hilo. Mpe likizo ndefu karibu yote, likizo fupi, na wikiendi zenye sikukuu. Wa miaka 5 haimfai kukaa miezi bila kumwona baba yake; kwake ziara fupi za mara kwa mara ni bora, hata kama ni baba atakayesafiri. Andika nani atalipa nauli (anayehama ajitolee zaidi), nani atamsindikiza mdogo, watakabidhiwa wapi, saa ngapi, na itakuwaje mtoto akiugua siku ya safari. Simu za video ziwe na siku na saa maalumu. Haya yakiachwa hewani, ugomvi huanza likizo ya kwanza.

Mkubwa asikilizwe, ila usimuulize anataka kuishi na nani. Huo ni mzigo usio wake.

Baba akikubali, mtie saini wote wawili na makubaliano yapelekwe mahakamani yawe amri mpya. Akikataa, jaribuni usuluhishi, kisha wakili wako aombe amri ibadilishwe kabla hujahama. Mwombe mwajiri asogeze tarehe ya kuanza, na usiwatoe watoto shuleni kwa sasa.

Wasomaji wengine mnaotaka kuvuka mpaka: kwa nchi zinazotumia kati yao Mkataba wa Hague wa 1980, unaohusu watoto waliochukuliwa na kuvushwa mpaka, mtoto wa chini ya miaka 16 aliyehamishwa kinyume na haki ya mzazi mwingine huweza kuamriwa arudishwe haraka alikokuwa akiishi.

Jambo moja zito, mwanangu. Mahakama inaweza kusema wewe nenda, watoto wabaki. Amua sasa kama kazi hiyo utaichukua hata hivyo, maana swali hilo unaweza kuulizwa mbele ya baba yao.